Nta ya Tabora kwenye Gari la Harusi

Juzi nimegombana na kijana wa kuosha magari kule Buguruni, na chanzo chake ni harufu. Nilikuwa nimekaa zangu kwenye benchi nasubiri gari, sina neno na mtu. Yule kijana akafungua kopo la polishi. Harufu ya nta ikanipiga puani, na papo hapo nikawa mtoto wa Chang'ombe tena, niko peku, vidole vinanata, na Baba amesimama nyuma yangu anasema, "Taratibu, Kalunde. Taratibu, mama." Nilipofumbua macho nikamwona kijana anazungusha kitambaa juu ya boneti yangu kwenye jua la saa sita, duara juu ya duara, mbio mbio kama anasugua sufuria lililoungua. Na gari langu ni jeusi!

"Weye! Nani kakufundisha kuzungusha?"

"Maza, tulia, hii ndiyo kazi yetu."

"Kazi yenu ya kuharibu. Lete hapa!"

Nikamnyang'anya kitambaa. Mtu mzima, goti lenyewe bovu, nikawaamrisha wenzake walisukume gari kivulini, nikaanza kumwonyesha. Wateja wengine wakatoa simu wanipige picha. Wapige tu. Nilipoinama karibu na rangi na ile harufu ikazidi, nikajikuta machozi yananilengalenga, na wala hayakuwa ya huzuni. Nilikuwa namcheka Mzee Kondo akiwa kwenye gunia lake, amelowa chapachapa. Ngoja niwaambie.

Nyie wa rika langu hamhitaji kuelezwa habari za miaka ile. Sabuni foleni, sukari foleni, na ukikuta watu wamejipanga mahali unajiunga kwanza, halafu ndio unamuuliza wa mbele yako kinauzwa nini. Mama yangu aliwahi kupanga foleni asubuhi nzima akarudi nyumbani na viberiti, na alishukuru. Baba alikuwa fundi wa kupiga rangi magari kwenye karakana moja pale pale Chang'ombe. Sie ni Wanyamwezi wa Tabora. Baba alikuja Dar es Salaam bado kijana, amemshika mkono mdogo wake wa kike, Nyamizi, kwa sababu wazazi wao walikuwa wamefariki na huko nyumbani hakukuwa na wa kuwaangalia. Mie nilizaliwa nikamkuta Shangazi Nyamizi yumo ndani, na kwa muda mrefu nilidhani kila nyumba inakuwaga na mama wawili, mmoja wa kukuchapa na mmoja wa kukuficha.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na gari. Lilikuwa bovu. Baba alilipata kwa mtu aliyekuwa anahama, likavutwa kwa kamba mpaka uani, likakaa hapo hadi kuku wakaona ni lao, wakawa wanatagia kiti cha nyuma. Lakini kila Baba akirudi kazini alilitengeneza kidogo. Leo mlango, kesho breki. Mwisho akalipiga rangi, nayo ilikuwa nyeusi, maana ndiyo pekee iliyobaki karakana. Mama akaliangalia akashika kiuno.

"Mume wangu, hili si la kubebea maiti?"

"Lingoje nta," Baba akasema.

Ndipo Shangazi Nyamizi akaposwa. Bwana harusi alikuwa karani mmoja mpole wa Kimara, mwenye sauti ndogo na masikio makubwa, na sie watoto tulimpenda kwa sababu alikuwa akituamkia sie kabla hatujamwamkia yeye. Watu wazima wakakaa wakajadili. Sukari ya kuwanywesha wageni haikupatikana. Kitambaa cha kumshonea bibi harusi hakikupatikana. Alikuwa aazime gauni kwa rafiki yake. Nilikuwa nimejilaza mkekani najifanya nimelala, nikamsikia Baba anamwambia Mama kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena.

"Huyu mtoto nimemlea mwenyewe. Leo anatoka, na sina cha kumpa. Lakini mikono ninayo. Atatoka kwangu ndani ya gari ambalo mtu akilitazama, anajiona."

Basi, toka siku ile, harusi kwangu mie haikuwa ndoa wala pilau. Ilikuwa ni kung'aa kwa lile gari. Niliona kabisa kwamba lisipong'aa, Baba atakuwa hajampa dada yake kitu chochote duniani.

Polishi madukani hakuna, sasa inang'aaje? Baba akatuma salamu Tabora. Kwetu Tabora ni kwa nyuki, hilo hata asiyefika analijua, na baada ya muda mtu wa kwetu akashuka na treni akiwa na kifurushi kimefungwa kwa gome la mti. Ndani yake mlikuwa na bonge la nta, rangi ya manjano iliyokolea, na ndani ya nta bado kulikuwa na mguu wa nyuki. Shangazi alilinusa akakaa chini. "Harufu ya kwa marehemu bibi," akasema, akalinusa tena, akanipa na mie ninuse.

Baba aliikwangua nta kwa kisu, akaitia kwenye kopo, akalitia kopo ndani ya sufuria la maji ya moto. Si juu ya moto wenyewe, jamani, msije mkaunguza nyumba. Ilipoyeyuka ikawa kama samli, akaiondoa mbali kabisa na jiko, ndio akamimina tapentaini, ile wanayochanganyia mafundi rangi, huku anakoroga na kijiti. Ilipopoa ikawa laini, ukiitia kidole inakubali. Harufu yake ilikuwa nusu asali nusu karakana. Mama alisema nyumba nzima inanukia Baba.

Kilichobaki ni kitambaa. Baba akasema gari jeusi halitaki kitambaa kigumu, halitaki kaki, halitaki fulana yenye mshono, linataka pamba iliyofuliwa mpaka imechoka. Akatazama pembeni. Mama akaelewa. Akaingia ndani akatoka na khanga yake ya zamani kuliko zote, maandishi yamefutika hata hayasomeki, akaichana vipande. Enzi zile za kupanga foleni ya nguo, kuchana khanga si mchezo.

"Boneti ni yako," Baba akaniambia.

"Mie?"

"Wewe. Mkono wa mtoto hauna uzito. Rangi nyeusi haitaki mabavu."

Nikajiona nimeota pembe. Akanivua bangili yangu ya plastiki, yeye akavua saa na mkanda, maana chuma cha mkanda kikigusa mlango tu, kimechora. Tukaanza na kuosha, alfajiri, gari liko kwenye kivuli cha ukuta na bati zake bado za baridi. Maji kwanza, mengi, yanamiminwa tu bila kugusa, yaondoke na mchanga. Hapo Baba alikuwa mkali. Alichota kipunje cha mchanga kwenye ncha ya kidole akaniletea mpaka puani.

"Unamwona huyu? Ukimfuta na kitambaa, anakuwa msumari. Gari jeupe linasamehe. Jeusi halisamehi, jua likitoka linamwonyesha kila mtu ulichofanya. Kwa hiyo kabla ya kufuta?"

"Namwaga maji."

"Kabla ya kufuta?"

"Namwaga maji!"

"Ewaa."

Likishakauka, unachukua nta kidogo, kama punje ya mtama, si donge. Watu wengi wanadhani nta ikiwa nyingi ndio gari linang'aa; linanata, basi, na vumbi lote la Temeke linahamia hapo. Unaipaka nyembamba, kwa vidole vilivyofungwa na kitambaa, kutoka mbele kwenda nyuma, njia ile ile upepo unayopita gari likitembea. Usizungushe. Ukizungusha, jua likipiga utaona utando wa buibui umetanda mlango mzima. Unafanya kipande kimoja, unangoja. Nta inapiga ukungu, gari linafifia kabisa, na hapo ndipo nilipolia siku ya kwanza nikidhani nimeiharibu boneti. Baba akapitisha kidole kimoja kwenye ule ukungu, na nyuma ya kidole ikatokea mstari mweusi wa ajabu. Ukiona hivyo, imekauka. Unageuza kitambaa upande safi, unafuta bila kukandamiza, unahema "haa" juu yake kama unayefuta miwani, unafuta tena. Ukimaliza, unarudia siku nyingine, tabaka juu ya tabaka.

Mtihani wa Baba ulikuwa meno. Alikuwa na pengo, na aliinama juu ya kila kipande akakenua. Kama pengo lake halionekani vizuri, unarudia. Milango ilifaulu, madigadi yakafaulu. Boneti yangu ilimchukua muda. Siku aliyokenua akaliona pengo lake, akaniita na mie nikenue, tukakaa pale baba na mtoto tunaikenulia boneti, Mama alipita na ndoo akasema wote wawili tumerogwa.

Sasa, hapo kwenye raha yote hiyo, palikuwa na mtu mmoja anayenikosesha usingizi, naye ni Mzee Kondo.

Mzee Kondo alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, Mzaramo, mtu mzima, mrefu, mwembamba, ana sauti ya mtu anayeuza samaki. Yeye kwetu habishi hodi. Anaingia, anakaa, anavuta sahani ya Baba, anamega tonge. Anavaa ndala za Baba anaondoka nazo. Na kila akifika uani analizunguka gari mikono nyuma.

"Mpagazi wangu, gari langu limefikia wapi?"

"Linakungoja," Baba anajibu, anacheka.

"Lisugue vizuri. Babu yako alipotua mzigo wa pembe kwa babu yangu alilala hapo hapo, akasahau kuondoka. Kwa hiyo wewe ni wangu, na mkeo wangu, na huyu mwenye kichwa kikubwa wangu." Hapo ananionyesha mie. "Siku ya harusi nakuja kulichukua gari langu na mwali wangu."

"Kanawe uso kwanza, mvivu wewe," Baba anasema, na anacheka tena.

Baba yangu alikuwa mtu wa hasira. Kitambaa kikidondoka chini tu, anafoka. Sasa mtu anaingia anakula chakula chake, anamwita mpagazi, anasema gari ni lake, na Baba anacheka! Nililitafakari jambo lile kwa akili yangu yote, na jibu nililipata shuleni. Mwalimu wetu alikuwa anatufundisha habari za unyonyaji. Akatuambia kabaila ni mtu anayejifanya mwenye mali na jasho la wengine, na kupe ni mdudu anayenenepa kwa damu ya ng'ombe, na wapo binadamu wa namna hiyo. Nikatulia kabisa kwenye dawati. Mzee Kondo! Kila kitu kikakaa sawa. Babu yetu alitua mzigo kwao, wakatumiliki, na masikini Baba anacheka kwa kuwa mnyonge hana lingine la kufanya.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, kabaila akiwa jirani yenu mnafanyaje?"

Mwalimu akafurahi sana na swali. "Mnamwambia ukweli mbele ya watu, bila woga. Unyonyaji katika nchi hii umekwisha."

Haya, niliyachukua maneno hayo nikayaweka moyoni. Nikawa silali vizuri. Mzee Kondo akija, mie nakaa juu ya bampa kama mlinzi, simwamkii mpaka Mama anifinye. Yeye anazidi kufurahi, ananiuliza, "Wee kichwa kikubwa, unanilindia gari langu?" Nikimwangalia nilikuwa naona mdudu.

Harusi ilikuwa Jumapili, na nyie mnakumbuka Jumapili za wakati ule. Ikifika saa nane mchana gari la mtu binafsi halitakiwi barabarani, kubana mafuta. Ukikutwa, umekutwa. Kwa hiyo ndoa ifungwe asubuhi, watu wale mapema, na bibi harusi awe ameshafika Kimara kabla ya saa nane. Baba alikuwa anatazama saa tangu kulipokucha.

Ndoa ikafungwa uani, wanaume wakanywa kahawa chungu na kusema haijapata kuwa tamu vile, bwana harusi akatangulia kwao na wazee wake kwenda kupokea. Gari likasogezwa mbele ya nyumba. Jamani! Mtaa mzima ulikuwa umelala ndani ya lile gari: mabati, mawingu, minazi, vigelegele vya akina mama midomo wazi. Watoto walipanga mstari kukenua. Mie nimesimama pembeni na gauni langu, nimepewa ahadi ya kupanda, na Baba ameweka ndoo ya maji safi karibu na tairi kwa ajili ya vumbi la dakika ya mwisho. Shangazi akatokeza mlangoni amefunikwa ushungi, Mama amemshika.

Nikasikia sufuria zinagongwa.

Mzee Kondo alikuwa anakuja katikati ya njia na wanawake wa nyumbani kwake, wanapiga sufuria na makopo. Amevaa gunia lililotobolewa mikono, amejipaka majivu uso mzima, kichwani kifuu cha nazi, na mkononi ana beseni la majivu yaliyokorogwa na maji. "Mpagazi!" akapiga kelele. "Unampeleka wapi mwanangu bila ruhusa yangu?" Na kabla hata sijavuta pumzi akachota yale majivu kwa mkono wake mzima, akaipaka boneti yangu. Kutoka pembe hadi pembe. Kisha akapanda akajilaza juu yake, mikono kaitandaza. "Gari haliondoki!"

Watu wakacheka. Wakacheka! Kilichonitia wazimu kabisa ni akina mama wawili waliokuja mbio na khanga zao kutaka kufuta. Majivu yale yana mchanga wa jikoni, na vipande vya mkaa. Niliona misumari mia inakuja juu ya boneti.

"Msifute! Msifuteee!"

Nikaikamata ndoo. Sijui nguvu nilizipata wapi. Nikaimwaga yote, boneti na Mzee Kondo, hajui maji yametoka wapi, na nikapasua sauti mtaa mzima ukanisikia: "Kabaila mkubwa wee! Kupe! Unyonyaji umekwisha nchi hii!"

Sasa nawauliza, mmewahi kulala juu ya gari lililopakwa nta tabaka kwa tabaka, halafu likalowa? Halina pa kushika. Mzee wa watu alianza kuteleza taratibu, anatapatapa na mikono, kifuu kikatangulia, yeye akafuata, akakaa chini kwenye tope, pwaa!

Sufuria zikanyamaza. Mtoto amemmwagia maji mtu wa umri wa babu yake, na amemwita mdudu, siku ya harusi. Mama akashika kichwa, "Mungu wangu, Kalunde!" na nikaona mkono wake unakuja. Baba alikuwa amesimama na kitambaa, kinywa wazi.

Mzee Kondo akajifuta macho. "Nani kaniita kabaila?"

"Mie."

"Nani kakufundisha?"

"Mwalimu."

Akanitazama, akalitazama lile gunia alilovaa, akamgeukia Baba. Nikaona kifua chake kinatikisika. Nikadhani nimemuua. Kumbe ni kicheko, kinamtoka tumboni, kinamkaba, kinamkohoza, anapiga tope kwa viganja vyote viwili.

"Mpagazi! Umezaa! Miaka yote nawatukana humu ndani mnanichekea tu kama mbuzi. Leo nimepata mtani! Mtani wa kweli! Kupe, eti! Mwanangu, kabaila gani anavaa gunia?"

Mtaa ukalipuka. Mama mkono wake ukashuka, akafunika uso kwa khanga akawa anacheka hadi analia. Mie ndiye pekee sikucheka, maana sikuelewa kitu. Baba akachuchumaa mbele yangu.

"Kalunde, Mzee Kondo ni mtani wetu. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Akikutukana ni mapenzi. Hata akikupaka majivu."

"Na gari si lake?"

"Letu."

"Na sie?"

Hapo Baba akamtazama Shangazi. "Mie na shangazi yako tuliposhuka stesheni hatukuwa na mtu. Tulitembea tukachoka, tukaomba maji kwenye mlango mmoja. Akatoka yeye, akatuuliza kabila letu. Tukamwambia. Akapiga kelele majirani wote wakatoka: 'Wapagazi wangu wamekuja!' Shangazi yako akaanza kulia, alikuwa mdogo kuliko wewe. Akambeba, akamwingiza ndani, akamtukana mpaka akacheka. Tulikaa kwake hadi nikapata kazi. Sie ni wake, ndiyo. Kwa namna hiyo."

Nilimgeukia Mzee Kondo. Alikuwa anajifanya anakamua gunia. Nikamwambia shikamoo, ile niliyokuwa namnyima siku zote. "Marahaba, kupe mdogo," akajibu.

"Haya toka njiani," Baba akasema, "saa sita inakwisha."

"Sitoki. Mtani akizuia njia lazima ikombolewe."

"Unataka nini?"

"Kiti cha mbele. Mwanangu hawezi kwenda kwa watu bila mzee wa kumkabidhi."

"Umelowa wewe!"

"Na nani kanilowesha?"

Baba hakubishana. Aliizunguka boneti, ameinama, anaitazama kwa ubavu, jua linampiga kisogoni. Maji yalikuwa yameondoka na majivu yote, yamebaki matone madogo madogo yamesimama kama shanga, na yakiguswa yanakimbia. Akayadonoa na kipande cha khanga, bila kusugua, akakagua tena. "Hakuna hata mkwaruzo," akasema. Halafu akaniangalia mie. "Nani kakwambia umwage kwanza?"

"Si wewe?"

Akanibeba akanitupa kiti cha mbele, juu ya mapaja ya Mzee Kondo, gauni langu likalowa lote na sikujali. Nyuma alikaa Shangazi katikati ya Mama na shoga yake. Tukatoka Chang'ombe kwa vigelegele. Njia nzima Mzee Kondo alitoa kichwa dirishani akiwatangazia watu kwamba gari ni lake na dereva ni mpagazi wake, na mie, ambaye sasa nilikuwa nimeijua siri, nikawa natoa kichwa dirisha hilo hilo namkanusha. "Mwongo huyu! Msimsikilize!" Alinifinya sikio kwa furaha. Tulipoingia barabara ya Morogoro watu wa kituoni waliinuka kututazama, na Baba akapunguza mwendo kidogo, ingawa saa ilikuwa inambana.

Kimara ya wakati ule ilikuwa mashamba na nyumba hapa na pale, na ukiacha lami ni vumbi jekundu. Kabla hatujafika kwa bwana harusi Baba akasimamisha gari kando, chini ya kivuli cha mkorosho.

"Mtu asishuke," akasema.

Akatoa kopo la maji chini ya kiti, akayamimina taratibu juu ya boneti, milango, madigadi, vumbi likaondoka. Akatoa kipande cha mwisho cha khanga ya Mama, akadonoa matone. Kule mbele tulisikia ngoma imeanza, wametuona, na bwana harusi na masikio yake anakuja mbio na wazee wake nyuma, kabla ya saa nane.

Shangazi Nyamizi hakungoja kufunguliwa. Alifungua mlango mwenyewe, jambo ambalo bibi harusi hafanyi, Mama anamvuta gauni yeye anatoka. Akaja mpaka mbele ya gari. Kwetu kioo kilikuwa kipande cha ukubwa wa kiganja, kimechomekwa ukutani, ukijitazama unaona jicho moja na nusu ya pua, na hicho ndicho alichojitazamia maisha yake yote. Akainama juu ya boneti. Akainua ushungi kwa vidole viwili, akajiangalia mzima, uso, shingo, gauni la kuazima, mikono yenye hina, na mkorosho nyuma yake na mbingu. Akajiangalia kwa muda mrefu hata ngoma ikatufikia.

"Kaka," akasema, "kumbe mie mzuri hivi?"

Baba alikuwa bado ameshika kile kitambaa. Akafuta mahali ambapo hapakuwa na vumbi, akafuta tena, kutoka mbele kwenda nyuma.